Mchekeshaji wa kukodi Mwanza: unalipia nini, na utani unageuka matusi wapi

Kwa mwenye haraka: usiku wa vichekesho wa kiingilio, nenda, pesa yako haipotei. Mchekeshaji wa kukodi kwenye harusi au sendofu, mchukue kwa masharti yaliyoandikwa. Mchekeshaji kwenye hafla ya ofisi, pale bosi amekaa meza ya mbele na watu wanadai posho zao, achana naye. Kipaji si tatizo. Vijana wa Mwanza wanachekesha, hilo halina ubishi. Suala ni kama anayetaniwa ana nafasi ya kujibu.

Kipimo hicho hatukukitoa mbali. Huku babu anataniana na mjukuu, shemeji na shemeji, binamu na binamu, na makabila yana watani wao. Ukienda Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, mwezi Juni, utakuta mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi upande wake. Ningi, yaani kiongozi wa ngoma, wa kundi hili anamchamba ningi wa kundi lile kwa nyimbo, hadharani, kwa maneno makali kuliko mengi yanayosikika kwenye kumbi za Kirumba au Nyegezi. Hakuna anayekwenda polisi. Aliyechambwa ana ngoma yake, waimbaji wake na zamu yake ya kurudisha.

Ukumbini maiki ni moja, na anayo mchekeshaji. Matatizo karibu yote ya huduma hii yanaanzia hapo.

Tuanze na usiku wa kiingilio, maana ndipo huduma iko bora. Walioingia wamelipa wenyewe, wanajua walichofuata, na aliyechagua kiti cha mbele anajua kabisa atachokozwa. Ratiba inayokwenda vizuri ni ya wachekeshaji 5 au 6: chipukizi dakika 5 hadi 7, waliokomaa dakika 10, anayefunga shoo dakika 20 hadi 25. Ukiona tangazo lina majina 12 kwa usiku mmoja, jiandae. Mada za kawaida (bodaboda, vikoba, mchungaji wa mafuta ya upako, maji kukatika milimani wakati ziwa lote liko chini yako) zitakuwa zimeshaliwa na waliotangulia, na wa mwisho watapandisha ukali ili kuwaamsha watu waliochoka.

Udhaifu mkubwa ni wa chipukizi. Anapanda, dakika ya kwanza haichekeshi, ukimya unamtisha, anamrukia dada mnene wa meza ya pembeni. Watu wanacheka, naye anadhani amepata. Kicheko kile ni cha mshtuko: kinakuja haraka na hakirudi. Dongo la pili juu ya unene uleule linapata nusu yake, la tatu linapata miguno, na kabla ya la nne dada ameshanyanyuka na mkoba wake. Waandaaji wazuri humpa chipukizi ishara ya taa dakika moja kabla ya muda wake kwisha, na humkatisha akishaanza kuzunguka mwili wa mtu mmoja. Wale wavivu humwacha amalize, eti ajifunze.

Kumchokoza mtu wa kiti cha mbele kuna utaratibu wake, na waliokomaa wanaufuata bila hata kuutaja. Muulize jina na anakotoka, na umsogezee maiki ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Mchokoze kwa alichokichagua: viatu, timu, jibu alilotoa, kuja na mchumba halafu wakaagiza soda moja na mirija miwili. Alichozaliwa nacho kiache. Kisha nyamaza sekunde mbili ili arudishe. Akipatia, kubali umepigwa, tena kwa sauti. Madongo mawili yanatosha. La tatu mchekeshaji ajipige mwenyewe, halafu ahamie meza nyingine. Mtu aliyeshinda raundi moja mbele ya mkewe atakaa mpaka mwisho, na shoo ijayo atakuja na wenzake.

Kwenye utani wa kabila, jaribio ni rahisi: toa jina la kabila, uone kama kichekesho kimesimama. Chukua Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Njia ya mkato ni kumwigiza Msukuma anayeshangaa daraja: lafudhi, fimbo, ng'ombe. Dar es Salaam inaweza kupita. Hapa Wasukuma ndio ukumbi wenyewe, wameshaisikia kwa kila mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege, na watakuchekea kwa adabu tu. Sasa geuza. Kuna mfanyakazi anaishi Sengerema, kazi yake iko mjini, na miaka yote amekuwa akichelewa kwa kusingizia feri. Feri imejaa. Feri imeharibika. Feri ilisubiri gari la wagonjwa. Siku ya kufungua daraja watu wanapiga vigelegele, yeye analia. Kesho yake anaingia ofisini saa 4 asubuhi: "Bosi, nisamehe, daraja... daraja lilikuwa refu." Hapo anayetaniwa ni mtegaji kazi, wa kabila lolote, na mtu wa Sengerema ndiye anayeanza kucheka maana huyo mtu anamjua.

Si kila utani wa kabila ni mbaya, tusipindukie. Mwambie Mhaya kuwa anajisikia, ataongezea chumvi mwenyewe na kukutajia shule aliyosoma. Analimudu hilo dongo. Lakini ule wa Mkurya na kipigo cha mke, unaorudiwa kila shoo kana kwamba ni lazima, umchunguze. Mwanamume wa Kikurya anachekewa kama shujaa mkali. Anayelipa gharama ya kichekesho ni mwanamke aliyepigwa, na huenda yuko ukumbini na hawezi kusema neno. Tunashangaa bado unapita.

Harusi na sendofu ni biashara nyingine kabisa. Waliokaa pale hawakulipa kiingilio, walichangia. Bibi harusi hawezi kutoka. Wazazi hawawezi kutoka. Wote wako mbele, kamera inawamulika, wanatakiwa watabasamu. Mchekeshaji anayeleta harusini maneno yaleyale ya usiku wa kiingilio hajui kazi yake hata kama ana wafuasi wengi mtandaoni.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni mzaha wa mama mkwe. Umeletwa kutoka kwenye vichekesho vya Wazungu, ambako mama mkwe ni shabaha ya kila siku. Huku mkwe ni wa heshima. Zipo familia ambako mkwilima, mume wa binti, bado anampisha mama mkwe njia na hali naye meza moja. Ukimweka mama huyo kinywani mwa MC mwenye suti ya kung'aa, upande mzima wa bibi harusi unaganda, na upande wa bwana harusi unaona aibu kwa niaba yake. Wanaotaniwa wanajulikana: mashemeji, mabinamu, marafiki wa bwana harusi, na babu au bibi kama afya na ulimi bado vipo. Mpe babu maiki amwite bibi harusi "mke wangu", amlalamikie bwana harusi kwamba amemwibia, na aulize ng'ombe zake zitarudishwa lini. Ukumbi utavunjika, na babu hadai senti.

Mahari ni mada halali Usukumani, ilimradi mchekeshaji hataji idadi halisi ya ng'ombe iliyotolewa wala kuilinganisha na ya dada mtu aliyeolewa mwaka jana. Wapenzi wa zamani, mimba inayoonekana, kuchelewa kupata mtoto, ndoa ya kwanza ya mmojawapo: hivyo havina namna ya kusemwa vizuri. Mchekeshaji anayesema "nitakigusa kwa mbali" anakuambia kwa adabu kwamba atakigusa.

Sasa mipaka ya huku kwetu hasa, ile ambayo mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuikanyaga bila kujua. Mwulize moja kwa moja kabla ya kumpa kianzio.

Ya kwanza ni ualbino. Kanda ya Ziwa ndiko mauaji ya watu wenye ualbino yalikoshika kasi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, migodini na kwenye uvuvi. Na si habari za zamani: mwaka 2024 mtoto wa miaka 2 alitekwa Muleba, mkoani Kagera, na mwili wake ukapatikana baadaye bila baadhi ya viungo. Kwa hiyo mchekeshaji akimwita mtu mwenye ualbino "dili", yaani bidhaa ya kuuza, jukwaani, anamwambia kile ambacho muuaji angemwambia. Hatuoni namna ya kukipamba. Kumtaja mtu mwenye ualbino kwenye kichekesho inawezekana, kama yeye ndiye mchekeshaji, au kama anayechekwa ni mganga na tajiri mjinga anayemwamini. Nje ya hapo, mkatishe.

Ya pili inafanana nayo: bibi kizee mwenye macho mekundu. Kwa miaka mingi vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wekundu wa macho umechukuliwa kama ushahidi, wakati chanzo chake ni moshi wa kupikia kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote. Mzaha wa "bibi mchawi wa kijijini" ni wa kawaida kabisa kwenye klipu. Hapa ukumbini kuna mtu anayemficha bibi yake mjini kwa sababu hiyohiyo. Uchawi wenyewe unaweza kuchekwa bila kumgusa yeye: mcheke yule mwanamume anayeruka usiku kwa ungo lakini mchana anaomba nauli ya kwenda Igoma.

Ya tatu ni ajali za majini. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800, na wengi wamelala makaburi ya Igoma. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kwenye ukumbi wowote wa Mwanza wenye watu 200, weka akilini kwamba kuna waliopoteza ndugu. Mada si haramu moja kwa moja. Mkata tiketi anayehesabu abiria kwa kuangalia anachopata mfukoni ni shabaha nzuri, naye bado yupo kwenye mabasi na kwenye daladala za Buhongwa, kwa hiyo mpeleke huko. Kinachokatazwa ni kuigiza mtu anayezama: mikono juu, sauti ya kukabwa, "nisaidieni". Waigizaji wanaipenda kwa sababu mwili unachekesha. Ukiwa visiwani kwenyewe, Nansio au Bwisya, usiiguse meli hata kwa kumlenga mkubwa.

Wakubwa nao? Hapa huduma ina kasoro ambayo si ya wachekeshaji peke yao. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaa video anayoonekana akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Baada ya mambo kama hayo ni rahisi kuelewa kwa nini mtu akiwa na maiki anaona heri amcheke machinga kuliko mkuu wake. Tunaelewa hofu. Lakini shoo ambayo ukali wake wote unaelekea chini, kwa mlemavu, mama ntilie, mvuvi wa kambini aliyeambukizwa VVU, na haina hata dongo moja la kupanda juu, usiiite ya kijasiri kwenye tangazo.

Kuna sababu nyingine ya watu kukwazika ambayo kamati hazioni: mitambo. Kichekesho kina sehemu mbili, maelezo na mgeuko. Mgeuko mara nyingi husemwa haraka na kwa sauti ya chini kidogo. Ukumbi ukiwa na mwangwi, au shughuli ikiwa ya wazi ufukweni na upepo wa jioni unatoka ziwani, meza za nyuma zinapata neno kali la kwanza tu, zinasikia wenzao wakicheka, na zinabaki na tusi bila utani. Spika mbili za mbele hazitoshi ukumbi mrefu. Weka nyingine mbili katikati, sauti ya chini kuliko za mbele, zielekee nyuma. Mwambie fundi mitambo aondoe mwangwi wa bandia uliowekwa kwa ajili ya waimbaji, maana humeza silabi za mwisho. Jenereta isiwe nyuma ya jukwaa. Jaribio la sauti lifanywe na mchekeshaji mwenyewe akisema sentensi nzima kwa sauti ya chini, mtu akiwa amekaa meza ya mwisho kabisa. "Maiki cheki, moja mbili" haipimi kitu.

Muda pia. Asipande wakati watu wako kwenye foleni ya chakula. Nusu watasikia nusu. Baada ya chakula, kabla ya zawadi, dakika 12 hadi 15. Kama watoto bado wako ukumbini, aambiwe, na maneno ya chumbani yasubiri au yasije kabisa. Kicheni pati ina ruhusa pana zaidi kwa mambo hayo, hilo kila mtu analijua, lakini ruhusa ile ni ya wanawake kwa wanawake. Mchekeshaji wa kiume anayeingia pale akidhani naye amepewa anakosea mlango.

Ukiamua kumkodi, fanya hivi. Omba rekodi mbili nzima za dakika 10, zisizokatwa, si klipu. Klipu inaonyesha kicheko na kuficha kilichofuata. Kaa naye nusu saa, ana kwa ana au kwa simu, si siku ya shughuli. Mpe karatasi moja: dini za pande zote mbili, makabila, nani amefiwa ndani ya mwaka, nani mgonjwa, nani wameachana na watakaa meza gani. Mpe majina matatu ya watu waliokubali wenyewe kutaniwa, na mada mbili au tatu asizogusa. Mchekeshaji wa kweli anaipenda karatasi hiyo, inamwokolea kazi. Anayesema "mimi huwa nasoma ukumbi hukohuko" mshukuru na umpigie mwingine.

Lipa kianzio kisichozidi nusu. Andikeni kwamba akivunja mada zilizokatazwa, salio linapungua kwa kiasi mlichokubaliana, na mkiandike kiasi hicho. Teueni mtu mmoja, kwa kawaida katibu wa kamati, mwenye mamlaka ya kumkatisha, na ishara moja anayoijua fundi mitambo: muziki unapanda taratibu, MC anaingia akipiga makofi. Watu watatu wakiwa na mamlaka hayo, hakuna atakayeyatumia. Kila mmoja atamtazama mwenzake.

Likitokea, kuomba radhi kuna namna. Palepale, sentensi moja, kwa aliyeumizwa kwa jina au kwa heshima yake: "Mama, nimekukosea, nisamehe." Kisha aendelee na jambo lingine. "Samahani kama kuna aliyekwazika" ni dongo la pili. Kuuliza ukumbi "mbona mmenuna?" ni la tatu. Baada ya kushuka aende mezani bila maiki na bila kamera.

Kamera ndiyo iliyobadilisha biashara hii. Maneno ambayo shemeji aliyacheka saa 4 usiku kwa sababu alikuwa ndani ya utani, kesho yake yako kwenye simu za watu wasiomjua shemeji wala mchekeshaji, sekunde 30, bila jibu lake. Kwenye mkataba weka wazi: rekodi ni mali ya wenye shughuli, na hakuna kipande kinachopandishwa mtandaoni mpaka aliyetajwa ndani yake akubali. Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa matusi ya ubaguzi na udhalilishaji wa mtandaoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu picha na taarifa za mtu kutumika bila ridhaa yake. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kukusudia kuumiza hisia za kidini, na maneno ya jukwaani yanaweza kuingia humo. Wachekeshaji wengi hudai haki ya klipu kwa sababu ndiyo inayowaletea kazi inayofuata. Ni dai la haki. Suluhisho ni kumruhusu apandishe sehemu anayojitania mwenyewe na ile ya watu watatu waliokubali. Akigoma, jua alikuwa anakuja kutafuta klipu, harusi yenu ilikuwa ukumbi wa bure.

Kwa hafla za ofisi, sababu ya kusema achana naye ni ileile: mfanyakazi akitaniwa mbele ya bosi hajibu, na bosi akitaniwa, Jumatatu anajibu kwa njia nyingine. Na kwa kamati ya harusi isiyo na mtu wa kukaa na mchekeshaji ile nusu saa, chukueni MC aliyezoea familia na DJ mzuri, pesa inayobaki iongezeni kwenye vinywaji.